Powerslave au Back in Black? Albamu za roki nzito za kurudia ukiwa Lamu

Orodha za albamu bora za hevi metali hazihesabiki, na nyingi zimepangwa na watu wanaosikiliza kwa spika kubwa, garini au ukumbini. Mji wa Lamu hauna njia za magari. Una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani, nyumba za mawe zilizoegemeana, msikiti kila mtaa, na jirani ambaye dirisha lake linatazamana na lako. Gitaa la umeme likilia mtaa wa Langoni saa tano za usiku, asubuhi barazani utaulizwa.

Kwa hiyo albamu hizi nimezilinganisha mbili mbili kwa kipimo cha hapa. La kwanza, je, inasikilizika kwa sauti ya chini, au kwa hedifoni, isipoteze utamu? La pili, ina lahani na hadithi, au ni vurugu tupu? Sikio lililolelewa kwa udi, fidla na kaswida halichoshwi na wimbo mrefu, wala halikimbii huzuni. Linachoshwa na wimbo usio na lahani ya kushika. Ndiyo sababu utaona baadhi ya albamu zinazosifiwa sana ulimwenguni hapa zinashindwa na zile zinazotajwa kwa nadra. Led Zeppelin IV sijaiweka kabisa. Hiyo haihitaji wakili.

Paranoid na Machine Head

Anayetaka kujua mambo yalianzia wapi atafute Paranoid ya Black Sabbath, iliyotoka Uingereza Septemba 1970. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati huko Birmingham akiwa na miaka 17. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, basi vidole vilivyoumia, vya mkono wa kulia, ndivyo vya kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi. Akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Kule kulegeza ndiko kulikoishusha sauti ikawa nzito namna ile, na utakusikia wazi zaidi kwenye Master of Reality ya 1971. Aina nzima ya muziki, kwa kiasi kikubwa, imetoka kwenye jeraha la kiwandani.

Wimbo wenye jina la albamu ulitungwa harakaharaka mwishoni, kujaza nafasi, na ndio uliovuma kuliko yote. Mimi wangu ni "War Pigs", unaowasema majenerali wanaopanga vita huku maskini ndio wanaokwenda kufa. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto wakati ule. Halafu kuna "Planet Caravan", ambao atakayeusikia bila kuambiwa hatoamini kuwa ni wa bendi hiyo hiyo: ngoma za mkono, gitaa la taratibu, na sauti ya Ozzy Osbourne ikitetemeka kama inatoka chini ya maji. Huo unaweza kuupiga darini usiku na hakuna atakayelalamika. Ozzy alifariki tarehe 22 Julai 2025, siku chache baada ya onyesho la mwisho la bendi hiyo mjini kwao Birmingham, na tangu hapo naona watu wengi wameirudia albamu hii kwa sikio jipya.

Machine Head ya Deep Purple, ya Machi 1972, ina kisa kizuri zaidi. Bendi ilikwenda Montreux, Uswisi, Desemba 1971, ikiwa na mpango wa kurekodi ndani ya kasino ya mji. Tarehe 4 Desemba, mwanamuziki Frank Zappa akiwa jukwaani, mtu mmoja katika hadhira alifyatua fataki ikatua darini, na jengo zima likateketea. Deep Purple wakabaki wakitangatanga mjini hadi wakaishia kurekodi kwenye korido za hoteli iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi, huku lori lenye mitambo, mali ya Rolling Stones, likiwa limeegeshwa nje. Moshi ule uliotanda juu ya ziwa ndio uliozaa "Smoke on the Water", wimbo ambao kila anayenunua gitaa hujifunza kabla hajajua hata kulitega.

Kwa mtu wa pwani, sababu ya kuirudia Machine Head si gitaa, ni kinanda. Jon Lord alichukua kinanda cha Hammond, cha aina inayopigwa makanisani, akakipitisha kwenye amplifaya za gitaa mpaka kikaanza kunguruma. Sikiliza mwanzo wa "Lazy". Waliozoea taarabu, ambamo kinanda hujibizana na fidla, watamfuata Lord na mpiga gitaa Ritchie Blackmore bila kufafanuliwa chochote. Matoleo ni mengi: mwaka 1997 mpiga besi Roger Glover aliichanganya upya mwenyewe, na 2024 likaja toleo lililochanganywa na Dweezil Zappa, mtoto wa yule yule Frank Zappa. Anza na lile la 1972.

Kati ya mbili hizi, kwa sauti ya chini, Machine Head inashinda, maana vyombo vyake vimepangwa kila kimoja na mahali pake. Kwa hedifoni nachukua Paranoid. Besi ya Geezer Butler peke yake inatosha.

Rising na Physical Graffiti

Ulinganisho huu sijauona ukifanywa sana, nami naona ndio unaotuhusu zaidi. Mwaka 1975 na 1976, bendi mbili za Uingereza zilitoa wimbo mmoja mmoja wa dakika nane na ushei, zote zikinyoosha mkono kuelekea mashariki: "Kashmir" ya Led Zeppelin, kwenye albamu Physical Graffiti, na "Stargazer" ya Rainbow, kwenye Rising.

"Kashmir" haikutoka Kashmir. Mwimbaji Robert Plant aliandika maneno baada ya safari ya gari kusini mwa Morocco, kwenye barabara ya jangwani iliyonyooka isiyo na mwisho. Siri yake iko kwenye hesabu. Gitaa na fidla wanahesabu tatu, ngoma ya John Bonham inahesabu nne, kila kundi linashika njia yake, kisha wanakutana tena. Mzungu huandika kurasa kuueleza mchezo huo. Mtu aliyewahi kucheza chakacha harusini ameshaujua kwa kiuno. Ndiyo maana wimbo huu ukiusikiza hapa hauonekani mgeni. Huo peke yake unaipa Physical Graffiti haki ya kuwa kwenye simu yako.

Taabu ni kwamba Physical Graffiti ni santuri mbili, nyimbo 15, dakika zaidi ya 80. Nusu ni mpya, nyingine ni mabaki ya miaka ya nyuma yaliyookotwa kujaza nafasi, na inasikika hivyo. "In My Time of Dying" peke yake inapita dakika 11. Ipo raha humo, lakini unaitafuta.

Rising ina nyimbo sita, dakika 33, na upande wa pili wa santuri una nyimbo mbili tu. Ritchie Blackmore alikuwa ameiacha Deep Purple mwaka uliotangulia, akaunda Rainbow. Akampata mwimbaji Mmarekani, Ronnie James Dio, mtu mfupi wa kimo mwenye sauti ya kujaza uwanja, na mpiga ngoma Cozy Powell. "Stargazer" inafunguliwa na ngoma peke yake, kisha linaingia gitaa zito, na baadaye okestra nzima, Munich Philharmonic, inapanda chini yake polepole. Hadithi yake ni ya mchawi anayewatumikisha watumwa jangwani wamjengee mnara wa mawe ili aruke angani kutoka kileleni. Wanajenga, wanakufa, mnara unakamilika, anaruka, anaanguka. Waliobaki hawajui tena waende wapi. Msimuliaji ni mmoja wa watumwa hao, na Dio anaimba kama mtu aliyeyabeba yale mawe mgongoni.

Gitaa la Blackmore humo linapita kwenye ngazi za sauti zinazokaribiana na hijazi, ile maqam ambayo kila mpiga udi wa pwani anaifahamu. Halijifanyi Kiarabu, wala halina lile pambo la bei nafuu la filamu za jangwani. Linazunguka, linarudi, linalia. Ukiipenda hiyo, nenda moja kwa moja kwenye "Gates of Babylon" ya bendi hiyo hiyo, 1978.

Hukumu yangu: Rising. Ni fupi, haina uchafu (labda "Do You Close Your Eyes", ambayo ningeitupa baharini), na kwa hedifoni ile okestra inakuja kutoka mbali ikikusogelea. Physical Graffiti ichukue kwa vipande: "Kashmir", "Ten Years Gone", "Trampled Under Foot".

Powerslave na Back in Black

Hapa upendeleo wangu hautafichika. Albamu hizi mbili zilirekodiwa kwenye studio moja, Compass Point ya Nassau, kisiwani Bahama, zikipishana miaka minne. Chris Blackwell, mwenye kampuni ya Island Records, aliifungua mwaka 1977. Yaani muziki unaohesabiwa kuwa wa viwanda, chuma na baridi ya kaskazini, sehemu ya kazi yake bora imefanywa kwenye kisiwa chenye minazi na dhoruba za kukata umeme. Sisi wa visiwani tuna haki ya kujisikia nyumbani.

Back in Black kwanza. Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC, alifariki London tarehe 19 Februari 1980. Wenzake wakamchukua Brian Johnson kutoka kaskazini mwa England, wakaenda Nassau mwezi wa Aprili, na tarehe 25 Julai albamu ikawa madukani. Jalada ni jeusi tupu kwa ajili ya msiba. Wimbo wa kwanza unaanza kwa kengele kubwa ya shaba, iliyosubiwa Loughborough, England, na kurekodiwa huko huko. Mtayarishaji, Robert John Lange, ni mzaliwa wa Mufulira, mji wa migodi ya shaba nchini Zambia. Nakala zilizouzwa hukadiriwa kuwa milioni 50. Ni matanga yaliyogeuka sherehe.

Kinachonivutia humo ni kunyamaza. Mpiga gitaa Malcolm Young anapiga, anaacha, na ile nafasi aliyoacha ndiyo inayokufanya utikise kichwa. Wimbo wenye jina la albamu umejengwa kwa matundu kama wavu wa dirisha. Kwa sauti ya chini unabaki na nguvu zake zote, na hilo ni nadra sana kwenye muziki wa aina hii. Kasoro yake ni maneno. Nyimbo karibu zote ni za pombe na wanawake, zimeimbwa na mwanamume anayekonyeza jicho, na baada ya nusu ya albamu nimeshachoka kukonyezwa. Jina la wimbo wa kwanza, "Hells Bells", nalo si la kuliacha wazi kwenye simu mezani kama una mzee ndani ya nyumba.

Powerslave ya Iron Maiden ilitoka Septemba 1984 na ina nyimbo nane. Jalada ni hekalu la Firauni, na wimbo wenye jina la albamu unamsimulia mfalme wa Misri anayeiona mauti inamjia na hakubali kwamba naye, aliyeitwa mungu, atakufa. Hijazi tena, safari hii bila kificho. Ila kilichonifanya niiweke hapa ni wimbo wa mwisho, "Rime of the Ancient Mariner", wa dakika 13 na ushei. Steve Harris, mpiga besi, aliuchukua kutoka shairi la Mwingereza Samuel Taylor Coleridge lililochapishwa mwaka 1798.

Baharia anamuua ndege aliyekuwa akifuatana na chombo chao. Upepo unakatika. Wanakaa shwari, jua kichwani, maji kila upande na hakuna tone la kunywa. Wenzake wanakufa mmoja mmoja, naye anabaki hai kati ya maiti. Siku anapowatazama viumbe wa majini na kuwabariki kwa moyo wake, laana inaanza kulegea, na mvua inanyesha. Adhabu yake iliyobaki ni kusimulia kisa hicho kila aendako.

Katikati ya wimbo vyombo vinanyamaza. Inabaki besi ya chinichini, mlio wa mbao za jahazi zikikwaruzana, na mtu anasoma beti za shairi lenyewe. Anayejua mbao za chombo zinavyolia usiku, kati ya kusi na kaskazi, bahari ikiwa haina hata kiwimbi, hataki maelezo zaidi. Huu ni utenzi, una kisa, una maonyo, una mahali pa kuvuta pumzi, na Lamu ndiko watu walikokaa usiku kucha kusikiliza tenzi kabla gitaa la umeme halijazaliwa. Nilimpigia wimbo huu mtoto wa kakangu, kijana asiyejua roki wala hataki kuijua, akiwa amelala kwenye mkeka na simu yake mkononi. Ilipofika pale pa kimya aliiweka simu chini. "Ami, kwani huyu baharia mwisho alifika bandarini?" Nikamwambia asikilize mwenyewe.

Haina maana kwamba Powerslave haina udhaifu. Katikati, "Flash of the Blade", "The Duellists" na "Back in the Village" ni nyimbo za kazi, unazipita ukielekea kwingine. Sauti ya Bruce Dickinson nayo ni kali, asiyemzoea ataona anapigiwa kelele. Lakini Martin Birch, aliyeitayarisha (ndiye aliyetayarisha Rising pia, na kuwa fundi wa mitambo kwenye Machine Head), aliacha besi isikike kamba kwa kamba, na kwa hedifoni huo ni utajiri.

Kwa harusi ya vijana, au kwa mtu anayeanza kabisa, Back in Black. Kwa aliyekulia hapa, Powerslave, na sitaki kubishana.

British Steel au Ace of Spades, 1980

Haraka haraka. Zote mbili ni za mwaka 1980, zote zina kama dakika 36. Judas Priest walirekodi British Steel katika nyumba ya Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, iitwayo Tittenhurst Park, na kwa kuwa vyombo vya kidijitali vya kutengenezea milio vilikuwa havijawafikia, walitikisa sinia za vijiko na uma kupata kishindo cha roboti kwenye "Metal Gods", na chupa za maziwa walizozivunja ni za kweli. Motörhead kwa upande wao walipiga picha ya jalada la Ace of Spades wakiwa wamevaa kama majambazi wa jangwa la Arizona, kumbe wako kwenye machimbo ya mchanga kaskazini mwa London. Lemmy anapiga besi kama gitaa na anaimba kama aliyemeza changarawe. Ni raha kubwa kwa nyimbo tatu. Kwa albamu nzima, chukua British Steel, ambayo unaweza hata kuipiga mbele ya wageni.

Master of Puppets au Reign in Blood, 1986

Kabla ya hizi, jambo dogo la fahari pembeni: mwaka 1974 Queen walitoa Sheer Heart Attack, na humo mna "Stone Cold Crazy", wimbo wa kasi ambao Metallica waliurekodi upya miaka mingi baadaye. Aliyeuimba wa kwanza, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Basi metali ya kasi nayo ina damu ya pwani, mnavyotaka msitake.

Reign in Blood ya Slayer ina nyimbo kumi ndani ya dakika 29. Ukiianza Mokowe ndani ya boti ya abiria isiyo na haraka, Lamu unashuka imekwisha. Ilikuwa fupi kiasi kwamba kwenye kanda waliirekodi yote upande A, na yote tena upande B. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, ngoma za Dave Lombardo hazina mfano, lakini wimbo wa kwanza unahusu ukatili wa daktari Josef Mengele huko Auschwitz, na albamu nzima haikupi pa kupumua. Nimeiheshimu zaidi kuliko nilivyoipenda. Kwa sauti ya chini inakuwa mlio wa mashine ya kushonea.

Master of Puppets ya Metallica, ya Machi 1986, ilirekodiwa Copenhagen pamoja na Flemming Rasmussen. Inafunguliwa na magitaa yasiyo ya umeme, karibu kama udi, kabla ya dhoruba kuanza. Wimbo wenye jina la albamu anayezungumza ni dawa za kulevya zenyewe: mimi ndiye bwana wako, mimi ndiye ninayevuta kamba zako. Pwani hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Kuanzia Malindi hadi huku kwetu, unga umezima vijana wa kila ukoo, na sijasikia mahubiri yanayoeleza jinsi teja anavyodanganywa kwa ufasaha wa wimbo huu. Vijana wengi waliujua mwaka 2022 ulipotumika katika tamthilia ya Stranger Things, wakauona ni wa ushujaa. Wasome maneno.

Kisha kuna "Orion", usio na maneno, ambamo besi ya Cliff Burton inaimba katikati. Alifariki Septemba mwaka huo huo, basi la bendi lilipopinduka Sweden, akiwa na miaka 24. Chaguo hapa si gumu: Master of Puppets.

Jambo moja kuhusu kupakua. Matoleo mengi yaliyosafishwa upya yamepandishwa sauti kiasi kwamba mahali pa chini na pa juu pamelingana, na kwa anayesikiliza taratibu hilo ni hasara, kwa sababu ile tofauti ndiyo inayobeba utamu. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua toleo la zamani, lipakue zima mahali penye waifai, ulihifadhi. Bando la siku halifai kupotezwa kwa kusikiliza wimbo ule ule mara kwa mara mtandaoni.

Na kwa yule anayeijua roki kwa nyimbo za mapenzi za redioni tu, zile za Jumapili: mchagulie Love at First Sting ya Scorpions, 1984, ambayo inaishia na "Still Loving You". Appetite for Destruction ya Guns N' Roses, 1987, ni albamu bora kuliko hiyo, hilo sikatai, lakini matusi yake hayapiti kwenye nyumba yenye watoto, na hedifoni moja watoto hugombea.